Kikokotoo cha pensheni kimenimega milioni thelathini na tatu. Nistaafu sasa niende shule binafsi?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kilosa. Niliajiriwa Januari 1996 nikiwa na miaka 25, na Oktoba hii ya 2025 nimetimiza 55. Nilikuwa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali, na mifuko ilipounganishwa mwaka 2018 nikajikuta PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wote wa umma.

Nina kaunta buku moja ya kwaya mbili ambayo sijawahi kumwonyesha mtu. Humo nimeandika nyumba yangu. Msingi, tofali, lenta, vyote vina tiki. Kuanzia 2019 tiki zimekoma. Ukurasa unaofuata una mbao za kupaulia, bati, madirisha, mafundi, na chini kabisa nimeandika kwa kalamu nyekundu: MKUPUO 74,400,000, yaani fedha za kulipwa mara moja nikistaafu. Hesabu hiyo niliipiga upya Julai hii mshahara wa msingi ulipopanda kutoka 1,080,000 hadi 1,200,000. Kanuni ya zamani nimeikariri kama jedwali la kuzidisha, maana rafiki yangu aliyestaafu 2021 aliondoka na zaidi ya milioni sabini.

Mwezi uliopita nilikwenda kuuliza rasmi, ikiwa nitastaafu kwa hiari mwisho wa Desemba nitapata nini. Nikaambiwa mkupuo ni kama milioni 41 na pensheni ya mwezi ni kama laki nne na elfu kumi. Nikauliza zilikokwenda milioni 33. Yule kijana akanijibu kwa upole kwamba hakuna kilichopotea, fedha zimehamishiwa kwenye pensheni ya kila mwezi.

Mdogo wangu yuko Dar, kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, analipwa 2,600,000. Kila tukikutana ananicheka. "Dada, serikali imewapunja na bado mnaitumikia." Sasa kuna shule binafsi hapa jirani wanataka mwalimu wa Kiswahili mwenye uzoefu, wananipa 850,000 kwa mwezi, na wanataka jibu kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nimepiga hesabu: pensheni 410,000 na mshahara 850,000, napata zaidi ya ninachopata sasa, na nyumba napaua mwezi wa pili. Halafu nitakuwa nimetoka kabla hawajabadilisha tena hicho kikokotoo.

Mume wangu anasema nisubiri. Mdogo wangu anasema nikimbie. Je, yule kijana wa ofisini amenidanganya? Na nifanye lipi?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Kilosa


JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka thelathini huamkiwa kwanza, hesabu baadaye.

Kijana hakukudanganya. Amekueleza theluthi moja ya ukweli. Tuchukue daftari lako.

Kanuni uliyoikariri ilikuwa ya PSPF na LAPF, mfuko wa serikali za mitaa. Unazidisha miezi ya utumishi kwa mshahara wa mwaka, unagawanya kwa 540. Miezi 360, mshahara 14,400,000 kwa mwaka, jibu ni 9,600,000. Nusu yake unaizidisha kwa 15.5, ndiyo milioni 74.4 ya kalamu nyekundu. Nusu nyingine unaigawanya kwa 12, ndiyo pensheni ya mwezi, 400,000.

Kanuni ya leo inagawanya kwa 580. Ninyi mliokuwa kundi la asilimia 50 mnapewa asilimia 40 kwa mkupuo, inazidishwa kwa 12.5, na asilimia 60 inakuwa pensheni ya mwezi. Kwa mshahara uleule na miezi ileile, mkupuo ni 44,689,655 na pensheni ya mwezi ni 446,897.

Weka namba hizo sambamba. Mkupuo umeshuka kwa milioni 29.7. Pensheni ya mwezi imepanda kwa shilingi 46,897. Ili hiyo elfu arobaini na sita irudishe milioni 29.7, inabidi uipokee kwa miezi 633, karibu miaka 53. Utakuwa na umri wa miaka 108. Mungu anaweza, lakini hiyo si hesabu ya kumwekea mtu mezani na kumwambia hakuna kilichopotea.

Waliobadilisha kanuni waligusa namba tatu. Kushusha asilimia 50 hadi 40 kweli ni kuhamisha fedha, zinatoka kwenye mkupuo zinaingia kwenye mwezi. Lakini 540 ilipokuwa 580, na 15.5 ilipokuwa 12.5, hapo hakuna kilichohama. Hapo pamepunguzwa. Kijana alikueleza namba ya kwanza, mbili akaziacha mfukoni. Kwa hiyo hasira yako ina msingi, na usikubali mtu akuambie ni ujinga wa hesabu.

Sababu? Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali hakuwa anachangia pensheni. Ililipwa na Hazina. Sheria ya 1999 ikaleta michango na mfuko, lakini mfuko ukaanza kuwalipa watu hata kwa miaka ambayo hakuna shilingi iliyoingia kwa ajili yao. Wewe mwenyewe una miezi 42 ya namna hiyo, kuanzia Januari 1996 hadi Juni 1999. Deni hilo lilikuwa la serikali, na lilikaa miaka mingi. Baadaye serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya Sh trilioni 2.17 kwa PSSSF ili kupunguza deni hilo. Binafsi naona mwanachama amebebeshwa mzigo ambao hakuupakia yeye. Lakini hayo ni ya Chama cha Walimu, CWT, na wenzao kuyapigania. Mimi na wewe tuna barua moja ya kuandika au kutoandika.

Sasa hofu yako kwamba watabadilisha tena. Mwaka 2018 kanuni mpya ilitoka na mkupuo wa asilimia 25 kwa wote. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akakutana na vyama vya wafanyakazi, akaisimamisha, kanuni za zamani zikaendelea kwa kipindi cha mpito. Rafiki yako wa 2021 alipita kwenye mlango huo. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa kundi lako, na 35 kwa waliokuwa asilimia 25. Yaani mara ya mwisho namba ilipoguswa, ilipanda. Siwezi kukuapia haitashuka, ila anayekimbia leo kwa hofu hiyo anakimbia jambo ambalo halijatangazwa.

Tukiache kikokotoo kidogo, twende kwenye kitu ambacho hukukitaja kabisa, nacho ndicho kinachokugharimu zaidi kwa uamuzi wa Januari.

Umeona nimepata milioni 44.7, wewe umeambiwa 41. Tofauti inatoka wapi? Kanuni ya sasa haichukui mshahara wa mwezi wa mwisho. Inachukua wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Mshahara wako wa 1,200,000 umeanza Julai. Ukiondoka Desemba, kwenye hiyo miaka mitatu una miezi sita tu ya mshahara mpya na miezi thelathini ya ule wa 1,080,000. Wastani ni 1,100,000. Nyongeza uliyoisubiri miaka yote utaondoka ukiwa umeilamba ncha.

Ukikaa hadi mwisho wa Juni 2028, miaka mitatu yote itakuwa ya mshahara mpya, na miezi itakuwa 390. Hata usipopanda daraja tena, hata usipoongezwa senti, mkupuo unakuwa 48,413,793 na pensheni ya mwezi 484,138. Ukifika 60 kwa mujibu wa sheria, Oktoba 2030, miezi kama 418, mkupuo ni kama milioni 51.9 na pensheni ya mwezi 518,000 na ushee.

Nimeiheshimu pia hesabu yako ya pensheni na shule binafsi. Ni kweli, 409,655 na 850,000 inashinda 1,200,000. Na tukitoa makato ya pande zote, PSSSF, NSSF (mfuko wa sekta binafsi), bima, chama, kodi, pengo linaongezeka; kwa makadirio yangu ni karibu laki mbili kwa mwezi mkononi. Kwa miezi thelathini ni kama milioni 6. Hiyo milioni 6 ndiyo bei ya kusubiri, nami siifichi. Lakini angalia inachonunua: mkupuo mkubwa zaidi kwa milioni 7.4, na shilingi 74,000 zaidi kila mwezi maisha yako yote. Kwa mwaka ni zaidi ya laki nane na tisini, ukiwa na miaka 60, ukiwa na 70, ukiwa na 80 na huwezi tena kusimama darasani.

Tena hesabu yako imechukulia kwamba shule italipa miezi kumi na miwili, tarehe ileile, kamili. Umewauliza? Waulize mshahara wa Juni na wa Desemba, wanafunzi wakiwa likizo, unalipwa wote au nusu? Mkataba ni wa mwaka mmoja au mitatu? Ada za wazazi zikichelewa, nani anasubiri, mwenye shule au mwalimu? Zipo shule binafsi zinazolipa vizuri kuliko serikali na zisizokosa tarehe. Zipo pia ambazo mwalimu anakopa chumvi dukani hadi katikati ya mwezi unaofuata. Usiulize ofisini kwao. Mngojee mwalimu wao mmoja akitoka jioni, mnunulie soda.

Na usitegemee kujenga pensheni ya pili huko. Pensheni inataka michango ya miezi 180, miaka kumi na mitano. Huna muda huo tena.

Nije kwa mdogo wako, maana naona maneno yake yamekukaa.

Milioni 2.6 ni mshahara mzuri, hongera zake. Lakini "sekta binafsi" si yeye peke yake. Mlinzi wa geti la kampuni yao naye ni sekta binafsi. Kima cha chini kilichotangazwa kwa sekta hiyo ni 358,322 kuanzia Januari 2026, kutoka 275,060. Cha serikali ni 500,000 tangu Julai 2025. Huku chini serikali inalipa zaidi. Kadiri unavyopanda ngazi ndivyo kampuni zinavyoipita, na kwa wahasibu, wahandisi na watu wa kompyuta zinaipita mbali. Kwa hiyo mtu akisema sekta fulani inalipa kuliko nyingine, muulize anamzungumzia nani.

Kwenye pensheni ndipo kicheko chake kinanichekesha mimi. Kwako, mwajiri anachangia asilimia 15 ya mshahara wa msingi na wewe 5. Kwake NSSF inachukua asilimia 20 ya mshahara wote, na kwa kawaida wanagawana nusu kwa nusu, kumi yake na kumi ya mwajiri. Kikokotoo ni kilekile chenye 580 na 12.5. Ila kundi lake lilikuwa likipata mkupuo wa asilimia 25. Mabadiliko haya yaliyokumega wewe, yeye yamempandisha hadi 33, kisha 35. Anakucheka akiwa upande ulioongezewa mkupuo, na sidhani kama anajua.

Ana hatari moja ambayo wewe huna kwa kiasi hicho. Michango yako inakatwa na kupelekwa pamoja na mshahara, kwa mfumo. Yake inategemea mwajiri akumbuke, awe na fedha, awe mwaminifu. Nimepokea barua nyingi za watu waliokatwa kwenye slipu kila mwezi, na walipofungua taarifa ya mfuko wakakuta mwaka mzima mweupe. Akipoteza kazi kabla ya kutimiza 55, na amechangia miezi 18 au zaidi, lipo fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Ile ya kuacha kazi na kuchota michango yote kama zamani haipo. Kijana wa milioni 2.6 anapaswa kuyajua haya leo, akiwa bado analipwa.

Ushauri wangu, basi. Usistaafu Desemba. Kaa angalau hadi Juni 2028, ndipo ukae tena na daftari lako uangalie kama miguu na koo vinakubali kwenda hadi 60. Shule ile waambie kwa heshima kwamba huwezi Januari. Walimu wa Kiswahili wenye uzoefu hawaokotwi, na nafasi ya namna hiyo 2028 haitakosekana.

Najua kinachouma si namba, ni ile nyumba iliyosimama kwenye lenta tangu 2019, mvua zinainyeshea. Hapo siungani na wazo lako la kungoja mkupuo, uwe wa 41 au wa 48. Mwite fundi akupigie hesabu ya kupaua vyumba viwili na sebule tu, upande mmoja, kwa bati za kawaida, bila dari, bila vigae. Mtumishi mwenye mshahara wa 1,200,000 na miaka miwili na nusu mbele yake anaweza kukopa kiasi hicho SACCOS na kukimaliza kabla ya kustaafu. Akope hapo, asikope kwa wale wa kausha damu, na asikope kwa kuahidi mkupuo. Mkupuo ulioahidiwa watu watatu hufika benki ukiwa umekwisha. Vyumba vingine vitapauliwa na PSSSF.

Kuna jambo la kadi ya bima. Ukiwa kazini, wewe na mwajiri mnachangia asilimia 3 kila mmoja, na kadi inabeba mwenza na wategemezi hadi wanne. Hukuniambia kama una mzazi au mtoto anayetibiwa kwa kadi hiyo. Kama yupo, muulize afisa utumishi, kwa maandishi, nani atabaki kwenye kadi siku utakapostaafu. Nimeona familia iliyogundua jibu dirishani hospitalini, mama akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Wiki hii fungua PSSSF Kiganjani kwenye simu, toa taarifa ya michango, uipitie mwezi kwa mwezi. Kisha angalia jina. Uliajiriwa ukiwa binti. Kama barua ya ajira ina jina la baba, kitambulisho cha taifa kina jina la mume, na cheti cha darasa la saba kimekosewa herufi moja, hilo lirekebishwe sasa ukiwa na mshahara, si 2028 ukiwa umekaa kwenye benchi la ofisi ukingoja mkupuo. Barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na zote za kupanda daraja zipige nakala, uziweke kwenye hiyo kaunta buku.

Na kalamu nyekundu, ipige mstari ile 74,400,000. Andika chini yake 48,413,793, tarehe 30 Juni 2028. Mdogo wako akija Krismasi na kuanza vicheko vyake, mwambie atoe simu afungue taarifa yake ya NSSF hapohapo mezani, na muihesabu pamoja miezi aliyokatwa na miezi iliyofika.